Mlango wa Kreti na Mlango wa Mteja

Kreti za bia hazipandi ngazi. Zunguka nyuma ya baa na migahawa ya Sinza, Mwenge, Tandika au Mbagala asubuhi gari la vinywaji linapofika, na mara nyingi utaona toroli likisukumwa moja kwa moja hadi stoo, juu ya mteremko wa zege ambao fundi aliumwaga bila mchoro wala kibali. Mbele, kwenye mlango wa mteja, kuna ngazi tatu za marumaru zinazong'aa. Kwa mtu anayetumia kiti mwendo, bia inafika mezani kabla yake.

Ngazi hizo hazikuwekwa kwa ubaya. Masika yakichachamaa mitaro hufurika na maji huingia ndani, kwa hiyo kila anayejenga hapa Dar es Salaam hunyanyua msingi. Halafu sehemu nyingi za kula za pembezoni zilianza kama nyumba za kuishi. Sebule imekuwa ukumbi, chumba cha watoto kimekuwa cha wageni maalumu, na milango imebaki ile ile ya chumbani. Na tusisahau hadhi: mwenye mgahawa akipata fedha kidogo, kitu cha kwanza ni ngazi pana za mbele, ili jengo lionekane la maana.

Dawa ya ngazi ni rampu, na hesabu yake ni nyepesi. Kila sentimita 1 ya kupanda inadai sentimita 12 za urefu. Ngazi tatu za sentimita 15 kila moja zinafanya kimo cha sentimita 45, kwa hiyo rampu iwe na mita 5.4. Nyingi ninazozikuta zimebanwa kwenye mita moja na nusu. Kiti kikipanda hapo uzito unarudi nyuma, magurudumu madogo ya mbele yananyanyuka, na aliyekaa anaweza kuanguka chali. Kushuka ni balaa zaidi, hasa marumaru zikiwa zimelowa. Rampu ya namna hiyo ni afadhali isijengwe. Ngazi angalau hazimdanganyi mtu.

Mita 5.4 hazihitaji uwanja mkubwa. Rampu inaweza kulazwa sambamba na ukuta, ikakunja kona penye sehemu tambarare ya mita 1.5. Mwenye uwanja anaweza kuunyanyua taratibu kuanzia getini kwa matofali ya kupanga, hadi ngazi zenyewe zipotee. Hata ule mlango wa kreti unafaa, mradi una taa, haupiti katikati ya masufuria ya moto, na wateja wote wanaruhusiwa kuutumia. Ukiwa wa mtu mmoja tu, atajiona amepitishwa uani kama mzigo.

Sisi tuna dawa yetu nyingine: kubeba. Mteja akifika, vijana wanne wanajitokeza, kila mmoja anashika alipopaona. Ni ukarimu wa kweli na siukejeli. Lakini sehemu za kuwekea mikono za viti vingi huchomoka. Ukizinyanyua zinabaki mkononi na mtu anabaki hewani. Kiti hushikwa kwenye fremu, na mwenye kiti ndiye anayejua wapi, kwa hiyo aulizwe kwanza. Zaidi ya hapo, aliyebebwa kuingia hatoki mpaka wabebaji wapatikane. Mfikirie dada aliyevaa gauni la sendoff akinyanyuliwa na wanaume asiowajua mbele ya wakwe watarajiwa. Wengi wakishapitia hilo mara moja, mwaliko unaofuata wanasingizia homa.

Akishaingia, kuna meza. Kiti mwendo cha kawaida kina kikalio kwenye sentimita 50 hivi kutoka chini, na magoti yanahitaji nafasi ya karibu sentimita 70 chini ya meza. Meza ya kawaida ya mbao yenye miguu minne inatosha kabisa. Tatizo ni mitindo. Meza ndefu za viti vya kaunta zinamfikia mtu usoni. Za sebuleni zilizowekwa mbele ya masofa zinamfikia kwenye mapaja. Na zile za zege zilizojengewa benchi pande zote, za bustani za nyama choma, hazina pa kuingiza kiti hata kidogo. Ondoa benchi la upande mmoja na umemaliza kazi. Kwenye kumbi za harusi chakula cha kujihudumia hupangwa juu kiasi kwamba aliyekaa anaona mvuke wa pilau bila kuliona pilau. Hapo mtu wa kuulizwa anataka nini ni yeye, si aliyemsindikiza.

Jambo moja tulikuwa nalo sawa tangu zamani. Mhudumu anayekuja mezani na jagi la maji ya uvuguvugu, sabuni na beseni anamnawisha kila mtu pale alipokaa. Siku hizi migahawa inayotaka kuonekana ya kisasa imeweka sinki kwenye korido, juu ya kijukwaa. Kwa jicho langu la kitaalamu, jagi linashinda.

Sasa choo. Hapa ndipo jioni ya mtu inapoamuliwa, hata kama hakuna anayelizungumza. Milango mingi ya vyoo vya baa zetu ina upana wa sentimita 60, na kiti mwendo, ukihesabu magurudumu na mikono inayoyasukuma, kinataka uwazi wa 80 au zaidi. Mlango ukifunguka kwa ndani, hata akiingia hawezi kuufunga. Chini kuna kizingiti kilichowekwa ili maji yasitoke. Ndani panahitajika uwazi wa mita 1.5 wa kugeuza kiti, choo cha kukaa chenye kimo cha sentimita 45 hadi 48, nafasi kando yake ya kusogezea kiti, na vyuma vya kushikia vilivyofungwa kwenye ukuta imara, si kwenye ubao. Bomba la kujitawazia liwe upande ambao mkono wa aliyekaa unalifikia; michoro ya nje hailionyeshi, kwa hiyo mafundi hulisahau.

Asiyekuwa na uhakika wa choo hanywi. Anakaa saa nne kwenye joto la Januari na soda moja asiyoimaliza. Kwa mwenye jeraha la uti wa mgongo, ambaye pengine anatumia mpira wa kutolea mkojo, kujinyima maji kunakaribisha maambukizi ya njia ya mkojo na mawe. Anahitaji pia mahali pasafi, maji yanayotoka, na muda bila watu kugonga mlango. Vipo vyoo vilivyojengwa vizuri kwa ajili yake, ila ukifungua unakuta madeki, spika mbovu na viti vya plastiki vimepangwa hadi juu.

Vipimo nilivyotaja vinatumika duniani, lakini vina upungufu kwetu. Vinadhani mtu anafika kwa gari akiwa na kiti cha ndani. Hapa wengi wanatembelea baiskeli ya miguu mitatu ya kuendesha kwa mikono, ndefu na pana, inayomudu kokoto na mchanga wa Chamazi lakini haipiti mlangoni. Mgahawa wenye kiti mwendo kimoja cha akiba, na kivuli salama cha kuegesha baiskeli, umemhudumia mtu huyu kuliko wenye rampu peke yake.

Kwamba tunaweza, tumeshaonyesha. Mabasi yaendayo kasi yalipoanza mwaka 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, sakafu ya basi ililinganishwa na jukwaa la kituo. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, ambao ibara yake ya 9 inagusa hata sehemu za watu binafsi zinazohudumia umma, na mwaka uliofuata ikatungwa Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Kule Uswisi, Jungfraujoch, mita 3,454 juu ya usawa wa bahari na barafu pande zote, mtu wa kiti mwendo anafika mgahawani kwa treni na lifti. Mji wetu wa pwani unashindwa na sentimita 45.

Mpaka manispaa zianze kupima rampu kama bwana afya anavyokagua jiko, wanaotoka na ndugu au rafiki wa kiti mwendo wapige simu mapema. Usiulize kama panafikika, utajibiwa, "Njoo tu bosi, vijana wapo." Uliza ngazi ni ngapi, kisha omba picha ya mlango wa choo kwa WhatsApp, futi ya fundi ikiwa imenyooshwa kutoka fremu hadi fremu.