Je, Wajua? Msimamo wa Ligi Kiganjani

Je, wajua kuwa msimamo wa Ligi Kuu ya NBC una mwenyewe? Ni Bodi ya Ligi Kuu Tanzania, na tovuti yake ni ligikuu.co.tz. Kurasa nyingine zote, za hapa nyumbani na za Ulaya, si chanzo rasmi. Ukibishana kijiweni Mbagala kwa picha uliyotumiwa WhatsApp juzi, anzia kwa Bodi kwanza.

Je, wajua kuwa msimamo unaoufungua ukiwa Tandika huenda umepikwa Prague au Zagreb? Flashscore ni ya kampuni ya Livesport ya Jamhuri ya Czech, iliyoanza mwaka 2006. Sofascore ilizaliwa Croatia mwaka 2010. Programu hizi hujipigia hesabu zenyewe. Azam FC ikipata bao dakika ya 88 pale Chamazi, inapanda nafasi hapo hapo, refa hajapuliza hata filimbi ya mwisho. Mechi ya saa kumi jioni ukiichungulia saa kumi na moja na nusu, unaona msimamo wa muda tu. Mpinzani akisawazisha dakika za nyongeza, unabadilika tena.

Je, wajua kuwa bando likikata, programu nyingi hazikwambii wazi? Zinabaki na msimamo wa mwisho zilioupakua, na wewe unausoma ukidhani ni wa leo. Vuta ukurasa chini kwa kidole. Ukurasa usipojipakua upya, msimamo huo ni wa zamani.

Safu ya kutazama kwanza si ya pointi. Ni ile ya mechi zilizochezwa, ambayo kurasa nyingi huiandika kwa herufi P, na wengi huidhania ndiyo pointi. Timu zetu zinazocheza mashindano ya CAF hubaki na viporo, yaani mechi zilizoahirishwa, na bila kuvihesabu viporo huwezi kujua nani anaongoza kweli. Mfano hauko mbali. Machi 8, 2025 mechi ya watani wa jadi, Yanga na Simba, iliahirishwa siku yenyewe ya mchezo, ikaja kupigwa Juni 25 Uwanja wa Benjamin Mkapa, wilayani Temeke. Miezi mitatu na nusu msimamo ulikaa na pengo hilo. Siku ilipofika, kila timu ilikuwa imecheza mechi 29, Yanga ina pointi 79 na Simba 78. Yanga ilishinda 2-0 ikafunga hesabu kwa pointi 82. Kabla ya siku hiyo, hakuna tovuti duniani ambayo ingekutajia bingwa, hata iwe ya kisasa namna gani.

Je, wajua kuwa msimamo hubadilika hata siku ambayo mpira haujachezwa? Hizi ndizo pointi za mezani. Aprili 2017 Simba ilifungwa 2-1 na Kagera Sugar kule Bukoba, ikakata rufaa ikidai wapinzani walimchezesha mchezaji mwenye kadi tatu za njano. Kamati ya Saa 72, inayosimamia uendeshaji wa ligi, ikaipa Simba pointi tatu na mabao matatu. Mwezi ule ule kamati nyingine ya Shirikisho la Soka Tanzania (TFF) ikazirudisha kwa Kagera Sugar. Aliyekuwa akifuata msimamo wakati huo aliona Simba ikipanda kisha ikishuka, wachezaji wakiwa mazoezini. Na pointi zile hazikuwa ndogo hata kidogo: msimu ulipoisha, Yanga na Simba zililingana pointi 68, na Yanga ikatwaa ubingwa kwa tofauti ya mabao. Ndiyo maana baada ya kikao cha kamati yoyote mimi hutafuta taarifa ya Bodi kabla ya kuiamini programu.

Tofauti ya mabao ilirudi tena msimu wa 2023/24. Azam na Simba zilimaliza na pointi 69 kila moja. Azam, iliyokuwa na tofauti nzuri zaidi ya mabao, ikaenda Ligi ya Mabingwa Afrika, Simba ikaenda Kombe la Shirikisho na huko ikafika fainali.

Je, wajua kuwa pointi 82 zinaweza kuzidi 93? Simba ilitwaa ubingwa wa 2018/19 kwa pointi 93, lakini ligi ilikuwa na timu 20 na mechi 38. Yanga ya 2024/25 ilizipata zake 82 katika mechi 30, maana sasa timu ni 16. Gawanya mwenyewe: Yanga ilivuna wastani wa pointi 2.73 kwa mechi, Simba 2.45.

Kulinganisha misimu kuna mtego mwingine: pointi tatu kwa ushindi zilianza England mwaka 1981. Kabla ya hapo zilikuwa mbili, kwa hiyo usishangae misimamo ya zamani ikionekana na pointi chache.

Mkiani mwa Ligi Kuu yetu: wa 15 na wa 16 wanashuka moja kwa moja, wa 13 na wa 14 wanakwenda kwenye mchujo.

Ukitaka kujua bingwa wa Tanzania wa 1965 ni nani (ni Sunderland, ndiyo Simba ya leo), RSSSF, taasisi ya wapenda takwimu iliyoanza 1994, ina orodha nzima.

Je, wajua kwa nini mechi ya KMC pale Mwenge inaandikwa saa 13:00? Ukurasa unafuata saa za Greenwich. Ongeza tatu upate 16:00, yaani saa kumi jioni. Badilisha mpangilio wa saa mara moja, tatizo limekwisha.

Mwisho, hili linaniuma. Kinondoni wana KIFA, Temeke wana TEFA, vyama vya soka vya wilaya vinavyosimamia ligi za madaraja ya chini. Ndiko vijana wengi wa Mbagala na Tegeta wanakoanzia kucheza mpira wa kuandikwa. Lakini jaribu kuutafuta msimamo wa ligi hizo kwenye simu. Prague haina habari nazo, Zagreb nako vivyo hivyo. Mzazi wa Yombo anaweza kukutajia nafasi ya Arsenal bila kufikiri, ila ya timu ya mwanawe mpaka ampigie kocha. Hakuna haja ya mtambo wa gharama. Matokeo yapo, kwa sababu refa huandika ripoti ya kila mechi na chama kinaipokea. Picha moja ya karatasi ya msimamo, ikiwekwa kwenye ukurasa wa chama kila Jumatatu na tarehe yake juu, ingetosha kuanzia.