Je, Wajua? Diwali husubiri usiku usio na mwezi

Jina Diwali limetokana na neno la Kisanskriti dipavali, yaani safu ya taa. Na taa hizo zina kazi kweli: sikukuu hii ya Wahindu huangukia usiku wa giza totoro, mwezi usipoonekana kabisa, kati ya Oktoba na Novemba. Vijitaa vya udongo hutiwa samli au mafuta, utambi wa pamba ukawashwa. Kaskazini mwa India hukumbukwa mungu Rama alivyorejea mji wa Ayodhya baada ya miaka 14 uhamishoni; huko Bengal huabudiwa mungu wa kike Kali. Lakini desturi inayogusa moyo zaidi ni ya wafanyabiashara wa Kigujarati: daftari jipya la hesabu huombewa baraka za Lakshmi, mungu wa kike wa neema, na ndani yake huandikwa shubh na labh: heri na faida.