Stenti ya Umio: Kwa Nini Nyingine Huhama na Nyingine Hukaa?

Saratani ya umio imeenea katika ukanda wa mashariki mwa Afrika, kuanzia Kenya hadi Malawi. Wagonjwa wengi hufika hospitalini wakiwa wameshindwa kumeza ugali, kisha uji, na hatimaye hata maji. Katika hali hiyo, stenti, yaani mrija wa wavu wa metali unaowekwa ndani ya umio ulioziba, huweza kumrudishia mgonjwa uwezo wa kula ndani ya siku chache. Hospitali ya Tenwek, iliyoko Bomet nchini Kenya, imewahudumia mamia ya wagonjwa kwa njia hii. Hata hivyo, stenti huweza kuhama na kuteremka hadi tumboni, na njia iliyofunguliwa ikaziba tena. Jambo hilo hutegemea kwa kiasi kikubwa jinsi stenti ilivyoundwa.

Umio si bomba lililotulia. Kuta zake zina misuli inayojikaza kwa mawimbi na kusukuma kila tonge kuelekea tumboni. Stenti nayo husukumwa kila mgonjwa anapomeza. Huishikilia mambo matatu: nguvu ya kutanuka, umbo la ncha zake, na namna uso wake unavyoshikamana na tishu.

Stenti nyingi hufumwa kwa nyuzi za nitinoli, mchanganyiko wa nikeli na titani unaokumbuka umbo lake. Hukunjwa ikawa nyembamba, na ikiachiwa ndani ya umio hutanuka yenyewe na kuubana uvimbe. Stenti pana hushika vizuri zaidi, lakini shinikizo likizidi, ukuta wa umio huweza kutoka damu au kutoboka. Ndiyo maana kiwiliwili huachwa na upana wa wastani, na ncha zikapanuliwa kama mdomo wa tarumbeta: kwa mfano, milimita 18 katikati na milimita 23 nchani.

Suala gumu zaidi ni utando. Nyuzi za stenti isiyo na utando huzama katika tishu, hivyo haihami kwa urahisi. Lakini saratani hupenya matundu ya wavu na kuiziba. Stenti iliyofunikwa yote kwa silikoni huzuia upenyaji huo, na huziba fistula kati ya umio na njia ya hewa. Lakini uso wake laini huteleza. Njia ya kati ni kufunika kiwiliwili na kuacha ncha wazi, au kuweka tabaka mbili: utando kwa ndani, wavu mtupu kwa nje. Tukumbuke, kilichozama katika tishu ni vigumu kukitoa. Kwa hiyo, pale ambapo stenti itaondolewa baadaye, hutumika iliyofunikwa yote, na daktari huweza kuifunga kwa klipu au kwa nyuzi za kushonea.

Mahali pa uvimbe nako kuna uzito. Stenti inayovuka mlango wa tumbo huhama zaidi, kwa kuwa ncha yake ya chini huning'inia pasipo kitu cha kuishika. Vilevile, mionzi na dawa za saratani zikiupunguza uvimbe, stenti hupoteza mshiko wake. Basi, mtaalamu hana budi kujiuliza kabla ya kuchagua: uvimbe uko wapi? Je, kuna fistula? Je, tiba nyingine itafuata? Je, stenti itaondolewa?

Nawe mgonjwa, kula ukiwa umeketi wima, tafuna sana, meza matonge madogo na unywe maji kila baada ya matonge machache. Chakula kikianza kukwama tena, au ukipata maumivu makali ya kifua, ukatapika damu au ukakohoa kila unywapo, usijaribu kukisukuma kwa matonge makubwa. Rudi hospitalini mara moja. Stenti iliyohama mara nyingi huweza kurekebishwa au kuwekwa nyingine.