Wafundishwa Kunyosha Miguu ya Watoto

Mtoto azaliwapo na nyayo zilizopinda kwa ndani, wazazi wengine humficha nyumbani. Kufanya hivyo ni kumnyima miguu yake.

Huko Kijabe, kati ya Nakuru na Nairobi, iko hospitali ya AIC-CURE, iliyofunguliwa mwaka 1998 kwa ajili ya watoto wenye ulemavu. Njia ya kunyosha miguu hiyo iliasisiwa na Daktari Ignacio Ponseti wa Iowa, Marekani. Mwanafunzi wa tiba ya viungo hufundishwa kwanza kuupapasa mguu hata vidole vyake viijue mifupa midogo. Ndipo huunyosha polepole na kuufunga plasta. Plasta hubadilishwa kila juma, mara 5 au 6 hivi, na mara nyingi daktari hukata kano ya kisigino.

Lakini fundisho kubwa ni kusema na mama. Baadaye mtoto huvaa viatu vilivyounganishwa kwa chuma, saa 23 kwa siku muda wa miezi 3, kisha alalapo tu, mpaka atimize miaka 4 hivi. Vikiachwa, mguu hupinda tena. Mwanafunzi asiyeweza kumweleza mama jambo hilo hajajua kazi, hata mikono yake iwe hodari namna gani.

Basi mzazi wa Njoro au Molo asingoje. Samaki mkunje angali mbichi.