Daktari mwanagenzi ni mfanyakazi wa nani?

Ramadhani iliyopita nilikuwa Nairobi kwa shughuli zangu, nikafikia kwa mpwa wangu mtaani Fedha, kule Embakasi. Wanaoijua Nairobi wataelewa: ukishapita pale lilipokuwa jengo la Taj Mall, lile lililobomolewa 2018, unaiacha Outer Ring na kuingia kwenye magorofa yaliyobanana hadi unaweza kusalimiana na jirani dirisha kwa dirisha.

Mpwa wangu ni daktari. Ndivyo tunavyomwita nyumbani Mombasa tangu alipomaliza chuo, na mamake hakubali aitwe vinginevyo. Jumamosi hiyo alikula daku, akatoka saa moja asubuhi. Alirudi Jumapili saa kumi na moja jioni, nami niko jikoni nakoroga uji wa futari. "Shikamoo mjomba," akasema, akavua viatu, akaanguka kwenye kochi na koti lake. Nilihesabu kwa vidole. Saa 34. Kufuturu Jumamosi alifuturu kwa tende mbili zilizokuwa mfukoni, akiwa wodini kwa watoto, na mkono mmoja umeshika mtungi wa dripu.

Adhana ya magharibi ilipoadhiniwa niliona imani kumwamsha, lakini nilimwamsha. Tukala, tukaongea. Hospitali anakofanya kazi sitaitaja, na si lazima, kwa kuwa aliyonieleza nimeyasikia pia kutoka kwa watoto wa jamaa zetu walioko kwengine. Wazazi wengi huku Pwani huniuliza: mtoto amesoma udaktari miaka sita, mbona bado anaomba nauli nyumbani? Na mgomo ukitokea, mbona wagomao mbele ni hawa wadogo? Basi wacha nieleze nilivyoelewa.

Kenya, ukimaliza shahada ya udaktari hujawa daktari kamili. Sheria inakutaka ufanye mwaka mmoja wa uanagenzi katika hospitali iliyokubaliwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC. Mwaka huo unagawanywa hasa katika sehemu nne: magonjwa ya watu wazima, upasuaji, watoto, na uzazi. Kila sehemu yapaswa kuwa na daktari bingwa anayekufunza na kukutia sahihi kwamba umeiva. Bila mwaka huo hupati leseni kamili, na bila leseni huwezi kuajiriwa wala kufungua zahanati yako. Kwa hivyo mwanagenzi si mwanafunzi, kwani anatibu, anaandika dawa, anazalisha akina mama usiku wa manane. Wala si daktari huru. Yuko kwenye kizingiti, na mtu aliye kizingitini husukumwa na kila anayepita.

Sasa njoo kwenye swali la mwajiri, ambalo mimi naliona ndilo chanzo cha balaa. Katiba ya 2010 ilizipa kaunti kazi ya afya, na tangu 2013 hospitali nyingi za umma ziko chini ya magavana. Lakini mwanagenzi hupangiwa kituo na Wizara ya Afya, na mshahara wake hutoka serikali kuu. Leseni yake iko kwa baraza. Glavu anazovaa, dawa anazoandika, kitanda cha kujinyoosha usiku kama kipo, na mabingwa wa kumfunza, wengi wao ni wa kaunti. Mshahara ukichelewa, hospitali inamwambia aiulize wizara. Akikosa bingwa wa kumsimamia, wizara inamwambia hilo ni la kaunti. Akilalamikia saa za kazi, anakumbuka kwamba huyo huyo anayemlalamikia ndiye atakayetia sahihi kitabu chake cha mafunzo. Mpwa wangu alicheka nilipomuuliza kwa nini hasemi. "Mjomba, mimi nataka sahihi nne tu niende zangu."

Kuhusu pesa, hadithi ni ndefu, nitaifupisha. Madaktari wa Kenya waligoma kuanzia Desemba 2016 hadi Machi 2017, siku 100, na viongozi wa chama chao KMPDU wakafungwa jela kwa siku chache mwezi wa Februari kwa kukaidi amri ya mahakama. Matunda yake yalikuwa mkataba wa pamoja wa 2017, ambao kwa hesabu yake mwanagenzi hulipwa takriban shilingi 206,000 kwa mwezi. Mwaka 2024 serikali ikasema haiwezi, ikaja na shilingi 70,000 kwa ushauri wa Tume ya Mishahara. Yaani theluthi moja. Rais Ruto akasema nchi lazima iishi kulingana na uwezo wake. Madaktari wakatoka kazini katikati ya Machi hadi Mei 8, siku 56, na waliporudi suala la wanagenzi likaachwa lijadiliwe baadaye. Likapigwa danadana hadi mwisho wa Desemba 2024, mgomo mwengine ukiwa mlangoni, ndipo serikali ikakubali kulipa kwa mkataba wa 2017. Muda wote huo vijana waliokwisha kuhitimu walikaa majumbani. Mpwa wangu alikuwa mmoja wao, akifunza watoto wa jirani hesabu za darasa la saba.

Kuna jambo la kuchekesha kidogo hapa, au la kuhuzunisha, chagua mwenyewe. Katibu mkuu wa KMPDU wakati wa mgomo wa 2017, mmoja wa wale waliofungwa, ni Daktari Ouma Oluga. Mwaka 2025 aliteuliwa Katibu wa Wizara anayesimamia huduma za matibabu. Sasa yuko upande wa pili wa meza, na madai ni yale yale.

Wako wanaosema shilingi laki mbili kwa kijana ni nyingi, mwalimu apate ngapi? Hoja hiyo siidharau, maana mimi mwenyewe nilisoma diploma na sijawahi kuona mshahara wa aina hiyo. Wala sisahau mgomo wa 2017 ulivyotutesa sisi wa hospitali za umma, wenye pesa wakienda za kibinafsi. Bibi mmoja jirani yetu alizungushwa na jamaa zake mji mzima kwenye tuktuk akitafuta wa kumpokea. Lakini mkataba ni mkataba. Waislamu tunalijua hilo: ukishaweka ahadi, uchache wa mfuko haukupi ruhusa ya kuivunja peke yako bila kukaa na mwenzako.

Hata hivyo naona tumezungumza sana pesa na kidogo mno saa. Pesa ziliafikiwa, saa 34 zikabaki. Mwezi wa Septemba 2024 daktari mmoja wa kike, mwanagenzi, alijitoa uhai, na wenzake walilia hadharani juu ya zamu zisizokwisha na ukata. Mambo ya namna hiyo huwa na sababu nyingi, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye, lakini kilio cha wenzake kilipaswa kutosha kuitisha hesabu ya saa katika kila hospitali.

Wenzetu duniani walifika huko kwa msiba. New York, mwaka 1984, msichana wa miaka 18 aitwaye Libby Zion alifariki hospitalini akiwa mikononi mwa madaktari wa mafunzo waliokuwa na zamu ndefu na wagonjwa wengi. Baba yake hakunyamaza. Jimbo likaweka kikomo mwaka 1989, na mwaka 2003 Marekani nzima ikaweka saa 80 kwa wiki kwa madaktari wa mafunzo. Ulaya kikomo ni wastani wa saa 48. Hapa jirani, Tanzania, mgomo wa Januari 2012 ulianzia kwa wanagenzi wa Muhimbili waliocheleweshewa posho, ukakua hadi ukaitikisa nchi. Moto huanzia hapo hapo mdogo anapopuuzwa.

Ingekuwa ni mimi, ningeanza na jambo lisilohitaji bajeti kubwa: daftari la zamu linalobandikwa ukutani, linaloonyesha nani aliingia saa ngapi na alitoka saa ngapi, na baraza likilikagua linapokuja kukubali kituo. Kituo kisicho na bingwa katika sehemu zote nne kisipelekewe mwanagenzi, hata kama gavana atanuna. Malalamiko yaende kwa mtu asiyetia sahihi ya mafunzo. Na wizara ipange vituo mara tu vyuo vinapotoa majina, si baada ya mwaka wa maandamano. Kupunguza saa kutahitaji watu zaidi, kweli. Lakini watu wenyewe wapo, wamehitimu na hawana kazi, wengine wanatafuta njia ya kwenda Ghuba au Uingereza.

Mpwa wangu haamini kwamba daftari litasaidia. Anasema wataandikiwa saa nane na kufanyishwa kazi thelathini. Huenda yeye ni mkweli kuniliko. Nilimuuliza basi angetaka nini. Akafikiri, kijiko cha uji mkononi. "Mtu wa kumpigia simu usiku, mjomba. Mtoto akibadilika saa tisa usiku nipige simu, na ipokewe."

Saa mbili usiku alikuwa amelala tena. Kabla ya kufumba macho alitega simu imwamshe saa kumi kwa daku, maana Jumatatu saa moja alitakiwa wodini.