Kuchagua Mifugo kwa Makazi ya Angani: Maarifa Yatokayo Ugogo

Neno mfugo latokana na kitenzi kufuga, nalo halitaji aina ya mnyama bali laeleza uhusiano. Mnyama ni mfugo kwa kuwa yuko mtu amlishaye, amlazaye na amwangaliaye. Na kwa maana hiyo hiyo ya uangalizi, Mswahili hufuga hata ndevu. Wataalamu wanaofikiri juu ya makazi ya watu angani wameuliza mara nyingi ni mnyama gani afaaye kufugwa huko kwa chakula. Katika makala haya nataka kuonyesha kwamba swali hilo si geni kwa kiasi tunachodhani, na kwamba Uwanda wa Kati wa Tanzania umekwisha kulijibu kwa sehemu kubwa, tena kwa gharama.

Mvua ya Dodoma ni kiasi cha milimita 570 kwa mwaka, nayo karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Miezi iliyobaki ni kiangazi. Katika nchi ya namna hii Wagogo wamelima mtama na uwele, wakafuga ng'ombe, mbuzi na kondoo, na ufugaji wao una kanuni moja iliyo wazi: mnyama ale kile ambacho mtu hawezi kukila. Ng'ombe hula nyasi za mbugani, mbuzi hula majani ya vichaka, na mavuno yakiisha wote huingizwa mashambani wakale mabua. Mnyama hashindani na mwenyewe katika chungu kimoja. Nafaka ikikosekana, ng'ombe hupelekwa kubadilishwa kwa nafaka ya majirani. Kwa hiyo zizi ni ghala pia.

Ubaya wa kupoteza ghala hilo ulionekana mara mbili katika kizazi kimoja. Katika miaka ya 1890 sotoka iliua ng'ombe wengi mno Afrika ya Mashariki yote. Kisha, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Wajerumani na baadaye ya Waingereza yalichukua ng'ombe, nafaka na wapagazi kutoka Ugogo. Mvua nazo zikakosekana. Njaa iliyofuata, kati ya 1917 na 1920, inakumbukwa kwa jina la Mtunya. Watawala wa wakati ule walikadiria kwamba katika watu wapatao 150,000, kiasi cha 30,000 walikufa. Watu hao hawakukosa nafaka tu. Walikosa pia ng'ombe ambaye angewapatia nafaka. Huko angani, ambako hapana jirani wa kubadilishana naye, kosa la kupanga mifugo laweza kuwa na mwisho kama huo.

Kongwa yatupa fundisho la namna nyingine. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza hapo mpango mkubwa wa kulima karanga, uliobuniwa mbali na nchi yenyewe. Udongo ulipokauka ukawa mgumu hata kuvunja majembe ya mitambo, mvua haikutosha, na mwaka 1951 mpango ukaachwa baada ya kupoteza takribani pauni milioni 36. Ardhi ile ile baadaye ikawa ranchi ya ng'ombe, na hadi leo Ranchi ya Kongwa iko chini ya NARCO, kampuni ya taifa ya ranchi. Ardhi iliyokataa karanga ilikubali ng'ombe, kama ilivyokuwa ikiwakubali kabla ya trekta la kwanza kufika.

Si mbali na hapo, Mpwapwa, kazi ilifanywa kwa subira zaidi. Katika kituo cha mifugo cha huko walichanganywa ng'ombe wa kienyeji, Boran, Sahiwal, Red Sindhi na damu kidogo ya ng'ombe wa Ulaya, na tangu 1958 mchanganyiko huo ukaendelezwa kuwa aina yake mbali, iitwayo ng'ombe wa Mpwapwa. Zaidi ya nusu ya damu yake ni ya Sahiwal na Red Sindhi, ng'ombe waliotoka nchi iliyo Pakistani leo. Yafaa tuangalie swali walilouliza wafugaji wale. Hawakuuliza ni ng'ombe gani atoaye maziwa mengi kupita wote duniani. Huyo alijulikana, naye ni wa Ulaya, ahitajiye malisho bora, maji tele na josho la mara kwa mara. Waliuliza ni ng'ombe gani atoaye maziwa ya kutosha kwa majani ya Mpwapwa.

Swali hilo hilo laweza kuchukuliwa hadi angani. Mwaka 1975 NASA, shirika la Marekani la safari za angani, liliwakusanya wataalamu California ili wachore makazi ya watu 10,000. Nao katika hesabu ya chakula waliweka samaki, kuku, sungura na ng'ombe wachache. Hesabu ya karatasini haikatai kitu. Jaribio lenye uzito zaidi lilifanyika hapa hapa duniani, Arizona, ambako kati ya 1991 na 1993 watu wanane walijifungia kwa miaka miwili ndani ya jengo la vioo lililoitwa Biosphere 2, wakilima na kufuga chakula chao. Walikuwa na mbuzi wadogo wenye asili ya Afrika ya Magharibi, kuku, nguruwe wadogo, na perege waliofugwa katika majaruba ya mpunga. Chakula kilipopungua, nguruwe walichinjwa, kwa kuwa walitaka kula kile kile walichokula watu. Kuku walitaga mayai machache. Mbuzi, walioridhika na mabua na majani, walidumu wakitoa maziwa. Mzee yeyote wa Ugogo angaliweza kuwaambia hayo kabla mlango haujafungwa.

Ng'ombe je? Kwa maoni yangu abaki nyumbani. Mimba yake ni ya miezi tisa, hali ya mbuzi ni mitano na ya sungura ni mwezi mmoja. Akifa mmoja, pengo lake ni kubwa mno. Tena kila anapocheua hutoa gesi ya methani, ambayo mbugani hupeperuka lakini katika chumba kilichofungwa hubaki. Fadhila yake kubwa ni kugeuza nyasi za nchi pana kuwa chakula, na angani nchi pana ndiyo isiyokuwapo.

Kiswahili kina hazina ya kusaidia hapa. Tunatofautisha mtamba, yaani jike aliyefikia kuzaa, na fahali, beberu na maksai. Safari ya namna hii yataka mitamba, wala haina haja ya mabeberu wengi, maana mbegu za madume zaweza kuhifadhiwa katika mitungi ya naitrojeni baridi na kutumiwa kwa uhimilishaji, neno lenye asili moja na himila, yaani mimba. Njia hiyo pia huzuia ubaya wa kundi dogo kuzaana ndugu kwa ndugu. Hata tembe, nyumba ya Mgogo ambayo ua wake huwalaza mifugo katikati ya vyumba vya watu, ni mfano mwema wa makazi ambamo samadi haiko mbali na shamba. (Kwa bahati, katika kamusi zetu tembe ni kuku jike pia.)

Liko jambo moja ambalo Ugogo hauwezi kutufundisha, nalo ni uzito. Mwaka 1990, katika kituo cha angani cha Warusi kilichoitwa Mir, mayai ya kware yaliangua vifaranga. Vilitoka vizima, lakini vilielea bila kuweza kujishikiza mahali, hata kula kukawa shida. Wachoraji wa 1975 walikusudia makazi yao yazunguke daima ili vitu viwe na uzito. Makazi yasiyozunguka yatafaa samaki kuliko mnyama yeyote mwenye miguu, na perege, aliye mwenyeji wa maji ya Afrika, amekwisha kuzoea kula mwani na mimea ya majini.