Sauti Iliyotoka Ngomani

Paukwa!

Pakawa, mmeitikia kabla sijavuta pumzi. Vizuri, wajukuu zangu, maana ninayetaka kuwasimulia habari zake leo alijifunza kuhutubia hapo hapo, kwenye wito na kiitikio.

Ni Bibi Titi Mohamed, mtoto wa Dar es Salaam, aliyezaliwa mwaka 1926. Shule aliishia darasa la nne. Lakini sauti alikuwa nayo, akawa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma. Hebu fikirini kazi ya kiongozi wa ngoma. Yeye anatoa, wenzake wanapokea. Wakipokea kwa unyonge anajua papo hapo: ameanza juu mno, au amekimbia, au maneno hayajawaingia. Hangoji kuambiwa. Anashusha sauti, anatoa upya.

TANU, chama kilichodai uhuru wa Tanganyika, ilizaliwa Julai 1954, na mwaka uliofuata Bibi Titi akapewa kuongoza wanawake wa chama. Aliwaendea watu aliowajua, akina mama wa vikundi vya ngoma kama chake, akasema nao Kiswahili chao cha kila siku. Mwaka 1955 haujaisha, maelfu walikwisha kuchukua kadi za chama. Mimi naamini ngoma ndiyo iliyomfundisha kuwasikiliza watu huku yeye mwenyewe anasema, na hilo ndilo gumu kuliko yote.

Kwa hiyo sikubaliani kabisa na wanaomwambia mtoto anayeogopa kuhutubia atazame ukuta wa nyuma. Ukuta hauitikii!

Siku yako ikifika, umeitwa kusema mbele ya mstari wa shule asubuhi, karatasi inatetemeka na jasho la kidole limeshafuta neno moja, simama kwa miguu yote miwili. Salimia, kisha nyamaza mpaka salamu irudi. Ukimya huo ni mrefu kwako tu. Kwao ni wa kumeza mate. Tafuta uso mmoja kule nyuma, umwambie huyo sentensi ya kwanza. Akikunja uso, punguza mwendo.

Mazoezi yaanze leo jioni. Bibi yako akiwa jikoni, sufuria inachemka, wewe simama ng'ambo ya ua umsimulie habari za shule. Usipige kelele, tamka. Akisema "Ee?", rudia. Akiacha kukoroga akageuka kukutazama, usikatishe, endelea.